Pete ya Waya wa Kumi na Nne

Usiku wa jana niliota ninapiga pasi koti langu la kazi. Ni jambo ninalolifanya kila jioni hata nikiwa macho: kwanza kola, halafu mikono, halafu mfuko wa kushoto ambako kalamu ilivuja na doa halitoki. Nilikuwa nimefika kwenye mfuko wa kushoto pasi ilipogoma.

"Sijasikia," ilisema.

"Hujasikia nini?"

"Hujasema kama upo. Sekunde mbili zimepita. Nisiposikia kwamba mtu yupo, nasimama."

Nilitaka kubisha, lakini sheria hiyo ni yangu mwenyewe. Mimi hutengeneza paneli za umeme za kuendeshea mashine za kiwandani, na ndani ya kila paneli kuna kompyuta ndogo ambayo lazima iseme "nipo" mara kwa mara. Ikinyamaza, mashine inazimwa, kwa kuwa hatujui kama imechoka, imeungua au imekufa. Katika kazi yetu kimya hakihesabiwi kuwa amani. Kinahesabiwa kuwa hatari.

"Nipo," nikasema.

"Umechelewa. Nimeshasimamisha mtaa mzima."

Nachungulia dirishani. Kweli, mtaa wetu wa hapa Korogwe umesimama. Jirani anamwaga maji ya vyombo na maji yamebaki hewani, kijiko kimoja kikiwa ndani yake. Kuku ameinua mguu mmoja. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo najisikia vibaya, nawaomba radhi kwa mbali.

"Nenda kazini ukaripoti," pasi ikasema. "Koti limenyooka upande mmoja. Litatosha."

Nikalivaa. Nikaufuata waya wa pasi, ambao badala ya kuishia ukutani ulipita chini ya mlango, ukakata korido, ukaingia langoni mwa kiwanda chetu cha kamba za katani. Kwa kawaida ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Leo kilikuwa mlango wa pili baada ya choo.

Langoni hakuwepo mlinzi tunayemzoea. Alikuwepo kontakta, ile swichi kubwa inayofunga na kufungua umeme wa mota kwa kishindo. Alikuwa amevaa kofia ya mlinzi.

"Tak," akasema. "Namba yako ya kichwani?"

"Sina namba kichwani."

"Ya miguuni?"

Nikavua kiatu, nikatazama. Hakuna.

"Kila waya una namba mbili, moja mwanzo, moja mwisho, na lazima zifanane. Si wewe uliyeandika hivyo ukurasa wa kwanza wa mchoro? Tak. Bila namba hatujui unatoka wapi wala unakwenda wapi." Alisema bila ubaya wowote. "Kaa kwenye foleni ya wasiojulikana."

Foleni hiyo ilikuwa na skrubu tatu zilizodondoka mwaka juzi, kikombe cha chai cha meneja, na waya mmoja mwembamba wa buluu. Waya ulikuwa na pete nyeupe shingoni, pete ya plastiki ndogo kama punje ya mchele, iliyoandikwa 14. Ulikuwa unalia polepole, kama mtu asiyependa kusumbua wengine.

"Shikamoo mama," ukaniambia.

"Marahaba," nikajibu, kwa sababu salamu haikataliwi. "Lakini mimi si mama yako."

"Ulinikata mwenyewe kutoka kwenye bunda la waya, Jumatatu, baada ya chai. Ukanichuna ncha mbili bila kuniumiza. Ukanivisha pete. Sasa kama huyo si mama, mama ni nani?"

Nikainama, nikaisoma tena pete yake.

"Mbona uko foleni hii? Wewe una namba."

"Namba ninayo, kazi ndiyo sina. Ulinituma kwenye kitufe chekundu cha dharura. Ukaniambia, kaa hapo useme salama, salama, salama, usipumzike, mpaka mtu akibonyeze au mpaka ukatike. Nikaikubali kazi. Tangu Jumanne naambiwa ninyamaze. Eti nitasema siku kitufe kitakapobonyezwa. Sasa mama, nikikatika kabla ya siku hiyo, nitasemaje?"

Hapo nikajua ndoto inaelekea wapi. Nikatamani kuamka. Sikuamka.

Nieleze kilichotokea Jumanne, maana ndotoni kila mtu alikijua, na kila mtu alijua kwamba nakijua.

Ndani ya kitufe cha dharura hukaa kipande kidogo cha plastiki chenye shaba. Viko vya aina mbili, umbo moja. Chekundu hupitisha umeme muda wote. Ukibonyeza kitufe, kinaukata na mashine inasimama. Waya ukikatika, ukitafunwa na panya au ukisagwa na bati, umeme unakatika vilevile, na mashine inasimama yenyewe. Cha kijani ni kinyume chake. Kinakaa kimya siku zote na kupitisha umeme siku ya kubonyezwa tu. Waya wake ukikatika hakuna atakayejua. Utajua siku utakapobonyeza na mashine ikaendelea.

Fundi umeme wetu mkuu ni Mzee Singano. Nilipofika kiwandani na diploma yangu na woga wangu, yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuchuna waya bila kukwaruza shaba. Vipande vyake vyote, vyekundu na vya kijani, huviweka kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Jumanne aliingiza mkono kwenye kopo akatoa cha kijani. Mashine mpya ya kusokota kamba ikakataa kuwaka. Akautazama mchoro wangu, akasema una kosa, akageuza waya mmoja kwenye paneli. Mashine ikawaka. Akabonyeza kitufe, ikasimama. Jaribio likapita.

"Injinia," akanitania mbele ya watu, "mchoro wako ulikuwa umelala!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Kile kipande nilikuwa nimekiona. Nilikuwa nimeona pia jinsi alivyokisogeza karibu na pua, akakirudisha mbali, kisha akakifunga haraka kabla meneja hajageuka. Wiki iliyotangulia meneja alikuwa ametangaza kwamba fundi asiyeona vizuri arudi nyumbani kwa heshima. Basi nikaamua kumwambia mzee faraghani, Jumatano. Jumatano nikaisogeza hadi Alhamisi. Na Ijumaa saa tatu asubuhi, Bi Mwantumu, mwendesha mashine wetu, angeanza kuilisha mashine hiyo singa za katani kwa mikono yake miwili.

"Twende juu," waya ukasema. "Mlinzi huyu atatupitisha. Nitamwambia uko nami."

Kontakta akatutazama, akasema "Tak," tukapita.

Juu ya vichwa vyetu zilikwenda njia mbili za nyaya, kama vibaraza viwili vinavyotazamana. Kibaraza kimoja kilijaa nyaya nene za mota, zimelegea, zinapiga soga kwa sauti za harusini.

"Nani huyo anayepita?"

"Injinia Kimya!"

"Mwambieni apaze sauti, tumchangie volti!"

Zikacheka mpaka bati likatetemeka. Ni kweli kiwandani wananiita Injinia Kimya. Sikuwahi kujua kwamba hata nyaya zinajua.

"Usizijali," waya wa kumi na nne ukaninong'oneza. Ulikuwa umenivusha kwenye kibaraza cha pili, kwa nyaya nyembamba, ambako kila mmoja alikuwa akinong'ona jambo lake na kusikilizwa. "Wewe mwenyewe ulitutenga nazo kwa sentimita ishirini. Kelele zao zinaharibu maneno yetu."

"Lakini wao wana nguvu."

"Nguvu ndiyo wanayobeba. Habari tunabeba sisi."

"Kwa sauti ndogo hivi?"

"Volti ishirini na nne tu, mama. Zinatosha kusimamisha mota ya nguvu za farasi arobaini."

Ulivyosema hivyo, farasi wakawepo. Arobaini, niliwahesabu kwa sababu ni wajibu. Walikuwa wamesimama ndani ya mota, mmoja nyuma ya mwingine katika duara, wanatafuna katani bila haraka. Mbele yao, kwenye meza ya ofisi, ilikaa draivu. Draivu ni lile boksi linaloamua mota izunguke kasi gani na ianze polepole kiasi gani. Ndotoni ilikuwa na tai, na feni yake mgongoni ilikuwa inazunguka.

"Shikamoo," nikaanza.

"Ghafla mno," draivu ikasema. "Hapa hakuna kinachoanza ghafla. Tunapewa sekunde kumi. Anza na sifuri."

"Sh..."

"Vizuri. Ongeza."

"Shika..."

"Usiruke. Endelea hivyohivyo."

Kufika "moo" farasi wote arobaini walikuwa wamejipanga na draivu imeridhika. Nikakiri moyoni kwamba sikuwahi kusalimiana na mtu kwa raha namna ile. Hakuna aliyenikatiza.

"Nina swali," nikasema, kwa mwendo ule. "Mkono wa mtu ukishikwa na singa, ukavutwa kati ya roli za chuma, utasimamisha farasi?"

"Nikiambiwa."

"Usipoambiwa?"

"Nitaendelea." Feni yake ikaendelea kuzunguka. "Binti, mimi sina roho mbaya. Sina taarifa tu."

Farasi mmoja akaacha kutafuna, akanitazama kwa macho ya kusikitika, kisha akaendelea kutafuna.

Nageuka niulize waya nifanye nini, na sasa niko jikoni kwa Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu ni mama wa makamo, mpana, mcheshi, ana miaka kumi na tisa kwenye kazi ya katani. Kila Jumatatu huniletea chapati mbili ndani ya gazeti bila kusema ni za nini. Jikoni kwake kila kitu kilikuwa kama nilivyowahi kukiona, isipokuwa badala ya kibao cha kusukumia alikuwa na roli mbili za chuma za mashine yetu. Anaweka donge la unga, roli zinalivuta, upande wa pili inatoka kamba imeshajisokota kama chapati ya kuviringisha.

"Karibu Injinia Kimya. Umekula leo? Mwili mzima umekuwa waya!"

"Nimeshiba, Bi Mwantumu."

"Umeshiba nini? Mawazo? Kaa." Akaweka donge jingine. Vidole vyake vilifika karibu na roli, vikarudi. "Mashine yako nzuri, ila haina adabu. Inavuta kabla haijakaribishwa."

Donge jingine. Vidole vikafika karibu zaidi. Hakukuwa na haraka yoyote. Chai ilikuwa inachemka. Kando ya kopo la chumvi kulikuwa na kitufe chekundu cha dharura.

"Lakini mimi siogopi," akasema, akakigonga kitufe kwa upole kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. "Si ninacho hiki? Nikikibonyeza si kitasimamisha?"

Nafungua mdomo nimwambie. Hakuna sauti. Najaribu kuanza na sifuri, kama draivu ilivyonifundisha. Sifuri ikabaki sifuri.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Mzee Singano akaingia amebeba lile kopo la maziwa ya unga. Alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Hodi, hodi. Mwantumu, hujambo? Ah, na mwanangu Nakiete yupo." Akaweka kopo mezani, akatoa kipande kimoja, akakisogeza karibu na pua, akakirudisha mbali. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniletea. "Mwanangu, hiki ni rangi gani?"

Nilikuwa najua rangi gani. Nilikuwa najua kuliko ninavyojua jina langu. Ila mdomo ulikuwa mzito, na nilipojitazama kwenye sufuria ya Bi Mwantumu inayong'aa, nikaona nina kufuli jekundu mdomoni, la aina ile tunayofungia swichi mtu akiwa ndani ya mashine anaitengeneza. Kufuli lilikuwa na kadi. Kadi iliandikwa kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo:

USIWASHE. Nakiete. Jumanne.

"Ooh," Mzee Singano akasema kwa heshima. Yeye ndiye aliyetufundisha sheria ya kufuli. "Hilo mimi siruhusiwi kuligusa."

"Wala mimi," Bi Mwantumu akasema, akiweka donge.

"Wala meneja," pasi ikasema. Sijui ilifika saa ngapi. "Kufuli linafunguliwa na aliyelifunga, hata kama amekwenda likizo."

Wote watatu wakaendelea kunisubiri, bila kunisimanga. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nikajipapasa mifukoni. Mfuko wa kulia hakuna. Mfuko wa kushoto hakuna, lile doa tu. Vidole vya Bi Mwantumu vikaenda, vikarudi.

Waya wa kumi na nne ukatambaa mezani kati ya vikombe. Ukainama mbele yangu, ukavua pete yake, ukaiweka kiganjani mwangu.

"Chukua, mama."

Nikatikisa kichwa. Waya bila pete unakwenda foleni ya wasiojulikana.

"Mimi nitapatikana tu, nipo palepale uliponifunga," ukasema. "Ila wewe unahitaji kujua unatoka wapi na unakwenda wapi. Funga mkono."

Nikafunga mkono. Chai ikafurika kwenye jiko. Nikaamka.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Nje jirani alikuwa anamwaga maji ya vyombo, nayo yakafika chini kama kawaida, na kijiko kikalia kwenye sakafu. Nilikuwa nimelala nimekunja ngumi, na mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nikaufungua kidole kimoja kimoja. Ndani yake kulikuwa na pete nyeupe ya plastiki, ndogo kama punje ya mchele. Kumi na nne.

Paneli ya mashine mpya hufungwa kwa ufunguo. Ufunguo hulala kwa Mzee Singano.

Sikunywa chai. Nilitembea zile dakika arobaini nikiwa nimefunga mkono uleule.

Saa tatu kasoro wote walikuwa wameshafika. Meneja alikuwa ameandaa simu yake apige picha. Bi Mwantumu alikuwa amejifunga leso kichwani na kushika fungu la kwanza la singa, anang'aa kama bibi harusi.

"Injinia Kimya, mbona umevaa koti limekunjamana upande mmoja? Siku ya leo!"

"Pasi iligoma," nikasema.

Mzee Singano alikuwa amefungua mlango wa paneli kwa ukaguzi wa mwisho. Yeye hukagua nyaya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayevuta tasbihi. Vidole vikaenda, kumi na mbili, kumi na tatu, vikasimama.

"Pete ya kumi na nne haipo," akasema. "Jana jioni nimeishika. Nimefunga mwenyewe, na ufunguo nimelala nao."

Nikafungua kiganja. Akaichukua, akaipapasa, akanitazama.

"Imefikaje kwako?"

"Nimepewa, mzee."

Bi Mwantumu akacheka. Meneja akatazama saa. Mzee Singano akatia pete mfukoni, akafunga mlango wa paneli. "Tutaivisha baadaye. Haya, Mwantumu, jiandae." Mkono wake ukaenda kwenye swichi kuu.

Nikaanza na sifuri.

"U..." nikasema. Hakuna aliyegeuka. Nikaongeza. "Usi..." Bi Mwantumu akanitazama. Sikuruka, niliendelea hivyohivyo.

"Usiwashe."

Mkono wa mzee ukabaki hewani. Meneja akashusha simu. "Kuna nini?" akauliza. "Si jaribio lilipita?"

Mzee Singano akatoa bisibisi mfuko wa juu, akaenda kwenye kitufe chekundu, akakifungua taratibu na kuchomoa kile kipande. Akakisogeza karibu na pua. Akakirudisha mbali. Kisha akanijia, akasimama akiwa amewapa wengine mgongo, akaongea kwa sauti ya chini ambayo ni mimi peke yangu ningeisikia.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni rangi gani?"

Ningeweza kumjibu kwa sauti ileile ya chini. Nilimtazama meneja, halafu nikaitazama mikono ya Bi Mwantumu, yote miwili, imejaa singa.

"Kijani, mzee," nikasema, wote wakasikia. "Niliona Jumanne nikanyamaza. Kosa ni langu."